Mzigo ukizama ziwani, kadi ya mzamiaji pekee haitoshi

Na mwandishi wetu wa biashara, Kiyeyi

Hapa Kiyeyi, upande wa Tororo, mazungumzo ya kila siku ni foleni ya Malaba, bei ya dizeli na usumbufu wa mizani. Habari za kuzamia majini hazina mwenyewe. Hata neno lenyewe lina maana nyingine kwa watu wa barabara: wakisema fulani amezamia, wanaelewana kwamba alijificha ndani ya meli bila tiketi na sasa yuko Ulaya.

Hivi karibuni kijana mmoja wa hapa alinionyesha kadi ya plastiki aliyoipata Diani, alikokuwa akifanya kazi ya hoteli. Kadi inasema ni mzamiaji aliyehitimu. Amerudi nyumbani, na tayari mwenye boti mmoja wa Majanji amemwuliza kama anaweza kumtafutia injini iliyozama. Kijana akaja kwangu, eti kwa kuwa nilisomea uchumi, nimwambie atoze shilingi ngapi. Nilimjibu kwamba swali la bei ni la pili. La kwanza ni kama mafunzo aliyoyapata yanamtosha kushuka kwenye maji yale.

Swali hilo linawahusu wafanyabiashara na wasafirishaji wa mpaka huu kuliko wanavyodhani, kwa sababu mzigo unarudi ziwani. Meli ya Uhuru ya Kenya, inayobeba mabehewa 22 ya reli, ilirejeshwa kazini mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi, ikaanza kupeleka mafuta kutoka Kisumu hadi Port Bell. Gati la mafuta la Kisumu lilikuwa limekamilika mwaka mmoja kabla. Upande wa Uganda imejengwa bohari ya Bugiri-Bukasa, wilaya ya Wakiso, yenye uwezo wa kuhifadhi lita milioni 70 zinazokusudiwa kuletwa kwa meli. Kila lita inayopita majini ni lita ambayo haikupita Busia wala Malaba juu ya lori, na wenye matangi wanalijua hilo vizuri. Wasilolizungumza ni kwamba meli, gati na boti ni vitu vinavyohitaji watu wa kushuka chini: kukagua mwili wa meli, kukata nyavu na magugu maji yaliyojisokota kwenye pangaboi, na kutafuta kilichoanguka.

Tusisahau kwamba ziwa lina kumbukumbu zake. Meli ya mabehewa ya Uganda, Kabalega, iligongana na mwenzake Kaawa tarehe 8 Mei 2005 ikazama. Haikurudi kazini tena.

Kadi inasema nini hasa

Kadi ya ngazi ya kwanza, ile ambayo watalii wengi huichukua kwa siku 3 au 4, inampa mtu ruhusa ya kuzama na mwenzake hadi mita 18, katika mazingira yanayofanana na yale aliyofundishiwa au mepesi zaidi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo watu huyaruka. Kijana wetu alifundishwa Diani, kwenye maji ya uvuguvugu ambamo unamwona samaki aliye mita 15 mbele yako. Pwani ya Majanji au Sio Port unaweza kunyoosha mkono na usiuone. Chini kuna tope, nyavu zilizotelekezwa na kamba za nanga. Pia kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba.

Baada ya ngazi ya kwanza kuna ngazi ya pili, yenye mizamio 5, ambayo lazima ndani yake uwepo mzamio mmoja wa kina kirefu na mmoja wa kutafuta njia kwa dira. Hiyo inampeleka mtu hadi mita 30. Kozi maalum ya kina inamfikisha mita 40, na hapo ndipo mpaka wa uzamiaji wa starehe unapoishia. Halafu kuna kozi ya uokoaji, ambayo haikubaliwi bila mafunzo ya huduma ya kwanza yaliyopatikana ndani ya miezi 24. Kwa maoni yangu hii ndiyo kozi moja inayombadilisha mtu, maana mpaka hapo alikuwa akijifunza kujitunza mwenyewe, na sasa anaanza kuwatunza wengine.

Kozi nyingine maalum ni nyingi kama bidhaa za dukani. Iko ya kuzama usiku, ya kupiga picha, ya kupita mkondo, ya kuingia kwenye mabaki ya meli. Iko ya kutumia hewa iliyoongezwa oksijeni, ambayo humwezesha mtu kukaa chini muda mrefu zaidi lakini humfunga asishuke sana: mchanganyiko wa asilimia 32 unaishia kama mita 34. Vyama vinavyotoa vyeti, kama PADI iliyoanzishwa mwaka 1966, ni biashara pia, na huuza kadi kwa bidii. Si kila kadi ina faida kwa mtu wa ziwani. Kozi ya kutambua samaki wa matumbawe itamsaidia nini mtu wa Majanji?

Zenye faida kwetu ni chache, na mojawapo ni ya kutafuta na kuinua vitu. Ina mizamio 4. Mwanafunzi hufundishwa kutafuta kwa utaratibu, kwa mfano kufunga kamba mahali pamoja na kuzunguka akiiongeza urefu, au kwenda kwa mraba unaopanuka kila upande. Anajifunza mafundo ya kamba na kisha matumizi ya mfuko wa kuinulia, ambao hujazwa hewa chini kwa chini. Hesabu yake ni rahisi: kila lita 1 ya hewa huinua karibu kilo 1. Hatari yake si rahisi hata kidogo. Hewa hutanuka mfuko unapopanda. Kutoka mita 20 za ziwa letu hadi juu, inatanuka zaidi ya mara 3, na asiyejua kuipunguza njiani atashangaa mzigo unamponyoka kwa kasi ya lifti, ukimburuta ikiwa ameshikilia kamba.

Hapa mfanyabiashara naye ana la kujifunza. Si kila mzigo uliozama unastahili kutafutwa. Sukari imekwisha kabla mzamiaji hajavaa. Saruji iliyolowana imeshakuwa jiwe lenye umbo la mfuko. Pipa la petroli lililofungwa vizuri halizami, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Litafute ufukweni, si chini. Vinavyolipa ni injini za boti, mabati, vyuma, vipuri, na jenereta kama litafunguliwa na kukaushwa haraka. Kumpeleka mtu chini kwa ajili ya magunia ya mahindi ni hasara juu ya hasara.

Somo la Likoni

Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama na mama na binti yake. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Kwa siku zote hizo nchi nzima ilikaa mbele ya runinga ikiuliza kwa nini wanamaji na wazamiaji binafsi hawalipati. Wazamiaji wa kukodiwa kutoka Afrika Kusini waliitwa kusaidia. Lawama zilikuwa nyingi, na baadhi ya waliolaumu walikuwa na kadi mifukoni.

Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Tuipige hesabu kama tunavyopiga ya dizeli. Mtungi wa kawaida wa alumini hubeba hewa ya lita kama 2,200 ikiwa imeshindiliwa. Mtu anayefanya kazi kwa utulivu hutumia lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 58 shinikizo ni karibu mara 7 ya juu, kwa hiyo atatumia lita kama 136 kwa dakika. Gawanya: dakika 16, na hapo hujahesabu kushuka, kupanda, kusimama njiani ili nitrojeni itoke mwilini, wala akiba ya dharura. Ongeza mkondo wa kivuko, giza la chini, na ulevi wa nitrojeni ambao kwenye kina hicho humfanya mtu mwenye akili timamu acheke na kusahau alichokifuata. Mita 58 ni 18 zaidi ya mpaka wa starehe. Ile ilikuwa kazi ya watu wenye mafunzo na mitambo mingine kabisa, na hakuna idadi ya kadi za kawaida ambayo ingeifupisha.

Ndiyo maana ninatofautiana na wenzangu wanaosema Afrika Mashariki haina wazamiaji. Wapo. Mombasa, Watamu, Diani, Zanzibar, Mafia na Pemba wanafundishwa kila msimu. Karibu na Mombasa iko hata shule ya chini ya maji inayowahusu wafanyabiashara wa mifugo: Dania, meli iliyokuwa ikisafirisha wanyama, ilizamishwa makusudi mwaka 2002, na leo ndiko wanafunzi wa kozi ya mabaki ya meli hupelekwa. Kinachokosekana ni watu wanaoendelea baada ya ngazi ya kwanza, na wanaoendelea kwa mwelekeo wa kazi badala ya starehe. Wengi wanaosonga mbele huelekea kwenye ukufunzi wa watalii. Siwalaumu, mshahara uko huko.

Ziwa si bahari

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Dereva anayepanda kutoka Mombasa hulijua hilo kwa masikio yake na kwa gia. Mzamiaji lazima alijue kwa hesabu. Hewa ya juu ya ziwa ni nyepesi, kama asilimia 87 ya ile ya pwani, na majedwali ya kuzamia yametungwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 za mwinuko kanuni maalum hutumika. Mita 18 za Majanji zihesabiwe kama mita 20 au 21 za Diani. Kozi ya kuzama kwenye miinuko ni fupi, mizamio 2 tu, na huko pwani hakuna anayeitangaza maana mtalii haihitaji. Kwa mtu wa Kisumu, Jinja, Mwanza au Busia ingekuwa ya lazima kabla ya nyingine zote.

Wasafirishaji mna sehemu yenu katika hili. Kijana anamaliza mzamio wake wa mwisho Mombasa alasiri, hana nauli, anaomba lifti kwenye trela la kuja Malaba usiku huo huo. Barabara inapanda hadi Nairobi, halafu Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kwa mwili wake ni kama amepanda ndege. Nitrojeni iliyobaki kwenye damu inaweza kutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yakikaa kwenye viungo ni maumivu, yakikaa kwenye uti wa mgongo ni kupooza. Miongozo ya kupanda ndege baada ya kuzama ni kusubiri saa 12 kwa mzamio mmoja, na saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa au siku kadhaa. Dereva akimchukua mtu wa namna hiyo, amwulize alitoka majini saa ngapi. Kama ni leo, alale kwanza.

Jambo hilo lina upande mwingine unaonitia wasiwasi zaidi. Vyumba vya shinikizo vinavyotegemewa na wazamiaji kwa matibabu ya ugonjwa huo viko pwani, Mombasa kwenye kambi ya jeshi la majini na Zanzibar. Mtu akiumia kwenye ghuba ya Berkeley, njia ya kumfikisha huko inapita juu ya milima ile ile inayomzidishia ugonjwa, au angani. Kwa hiyo kosa ambalo Diani ni usumbufu wa nusu siku, huku linaweza kuwa la maisha.

Na mitungi yenyewe ni mzigo wenye masharti. Mtungi uliojaa una shinikizo la mara 200 la hewa ya kawaida. Ulazwe, ufungwe, usigongeshwe kichwa chake, usiachwe kwenye jua kali nyuma ya pikapu. Ukaguliwe ndani kila mwaka na upimwe kwa shinikizo kila baada ya miaka michache; Marekani ni kila miaka 5. Mapigo ya tarehe huwa yamegongwa shingoni mwa mtungi, dereva yeyote anaweza kuyasoma kabla ya kupakia.

Kilichotugharimu

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Takwimu rasmi zilihesabu vifo 894. Ilipokuwa imepinduka na sehemu yake bado inaelea, tundu lilikatwa ili kuwatoa waliokuwa wakigonga ndani. Hewa ikatoka kupitia tundu hilo na meli ikaenda chini. Wazamiaji wa Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa maiti. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafa, na fundi mmoja wa mitambo akatolewa akiwa hai siku mbili baadaye kutoka ndani ya meli ile iliyopinduka. Huyo mmoja anatosha kuonyesha thamani ya mtu anayejua kuingia chini ya chombo kilichopinduka na kutoka.

Halafu ikaja ndege ya Precision Air iliyotua majini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Walikuwa 43, wakafa 19. Wavuvi ndio waliofika kwanza. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ilichelewa na wazamiaji hawakuwa na akiba ya kutosha kwenye mitungi yao. Magazeti yaliandika kuwa walikosa oksijeni. Mitungi ya kuzamia hubeba hewa hii hii tunayovuta, iliyoshindiliwa. Oksijeni tupu kwenye kina cha mita 10 ni hatari tayari. Ninalitaja kwa sababu mnunuzi wa vifaa asiyejua tofauti hiyo anaweza kuagiza kitu cha kuua.

Nani alipe

Tuseme mtu ana kadi ya kwanza. Ngazi ya pili ni siku 2 au 3. Huduma ya kwanza siku 1. Uokoaji 3. Kutafuta na kuinua 2. Miinuko 1. Jumla ni kama siku 10 za majini, na pengine wiki mbili na nusu ukihesabu safari na mapumziko. Ada ya kozi ni sehemu tu ya gharama: kuna boti, malazi, nauli ya kwenda na kurudi, na kipato kinachokosekana nyumbani. Kijana wa Kiyeyi peke yake hawezi. Chama cha wenye maboti kinaweza, kama kila mwenye injini atachanga kidogo kwa msimu mmoja. Vyama vya bodaboda hapa hapa mpakani huchangishana kwa misiba na ajali bila kufundishwa na mtu.

Lakini chama kisijidanganye kwamba kitakuwa kimepata mzamiaji wa kazi. Vyeti hivi vyote ni vya starehe. Kukagua gati, kuchomelea vyuma, kushughulikia meli ya mafuta ni taaluma nyingine, yenye hewa inayoletwa kwa bomba kutoka juu, simu masikioni na msimamizi anayeshika saa. Afrika Kusini ina madaraja ya wazamiaji wa kazi kisheria. Katikati ya hizo mbili kuna mafunzo ya uzamiaji wa usalama wa umma, yaliyokusudiwa polisi na vikosi vya uokoaji: mzamiaji amefungwa kamba, mtu juu anaisoma kwa mkono, mwingine yuko tayari amevaa. Kama serikali za nchi tatu za ziwa zinataka vituo vyao vya uokoaji vya Mwanza, Kisumu na Entebbe viwe na maana, pesa ziende hapo kabla ya kwenda kwenye boti mpya.

Bima nayo iko upande wa mfanyabiashara, asipoiogopa. Sera za kawaida za bima ya shehena za majini humtaka mwenye mali achukue hatua za busara kupunguza hasara, na gharama za hatua hizo hurudishwa. Kumlipa mzamiaji kuinua vipuri kunaweza kuhesabiwa humo. Lakini kampuni itauliza aliyeshuka alikuwa nani, na ana sifa gani. Kadi ya mita 18 kwa kazi ya mita 25 ni sababu tosha ya dai kukataliwa, bila kutaja kesi ikiwa atakufa.

Kwa hiyo anayetaka kumkodi mtu asiishie kwenye kadi. Aombe daftari la mizamio, aone ya mwisho ilikuwa lini na wapi. Mtu mwenye mizamio 60 yote ya Watamu hajawahi kuzama ziwani. Aulize nani atakuwa juu ameshika kamba, na mzamiaji wa pili ni nani. Jibu likiwa kwamba hakuna wa pili, mazungumzo yaishe. Anayevuka na vifaa vyake kutoka Kenya kuja kufanya kazi siku mbili avitangaze forodhani Busia kama vitu vinavyoingia kwa muda na kurudi, vinginevyo ushuru utakula malipo yake yote.

Daftari la kijana wetu nimelisoma. Lina mizamio 11, wa mwisho ukiwa wa miezi minane iliyopita, yote baharini. Injini ya Majanji bado iko chini. Amemwambia mwenyewe asubiri mpaka amalize kozi, na mwenye boti amekubali kumpa nauli ya basi kwenda na kurudi Mombasa. Ada bado wanavutana.